Kuacha Injini Mbovu Nako ni Ushujaa

Wengi wetu tukisoma habari za Vita Kuu ya Pili, iliyopiganwa tangu 1939 mpaka 1945, hupenda sana habari za ndege. Twajua majina ya Spitfire na Lancaster, twajua marubani waliopata nishani, na wengine wetu hata huzichora ndege hizo pembeni mwa daftari za hesabu, jambo ambalo walimu hawalipendi. Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini ndege zile ziliundwa vile zilivyoundwa. Kwa nini Lancaster ilikuwa na injini nne, wala si mbili? Jibu la kawaida ni kwamba mwundaji alikuwa mtu mwenye akili, akakaa mezani, akachora umbo alilolipenda. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Nasema kwamba ndege nyingi za Kiingereza katika vita ile zilipata umbo lake kutokana na injini, na hasa kutokana na injini zilizokataa kufanya kazi. Nasema tena kwamba wako mashujaa wa vita ile ambao hatuwasifu vya kutosha, nao ni wale waliokiri mapema kwamba kitu walichokitegemea ni kibovu, wakakiacha.

Yafaa kwanza tufahamu taabu ya mwunda ndege. Mtu akitaka kuunda ngalawa, huanza na mti aliokwisha kuuona kwa macho na kuugonga kwa mkono wake. Mwunda ndege wa miaka ya 1930 hakuwa na bahati hiyo. Injini mpya huchukua miaka kadha tangu kuchorwa mpaka kuaminika, na ndege yenyewe huchukua miaka yake pia. Kama angengoja injini ikomae ndipo aanze kuchora ndege, adui angekwisha fika mlangoni. Kwa hiyo alilazimika kuchora ndege kwa ajili ya injini ambayo bado haijakamilika, akishika ahadi ya watengenezaji kwamba itakuwa na nguvu kadha na uzito kadha. Ahadi ikitimia, ndege huruka vizuri. Ahadi ikivunjika, mabawa mazuri na rubani hodari havifai kitu.

Mwaka 1936 Wizara ya Hewa ya Uingereza ilitaka ndege mpya ya mabomu yenye injini mbili. Kampuni ya Avro, ambayo mwundaji wake mkuu alikuwa Roy Chadwick, ilitoa ndege iliyoitwa Manchester. Injini yake ilikuwa Vulture, iliyotengenezwa na Rolls-Royce. Katika karatasi ilikuwa injini ya kutamanisha. Ilikuwa na silinda 24, zimepangwa katika safu nne kama herufi X, na ilitazamiwa kutoa nguvu za farasi zaidi ya 1,700, hali injini ya Merlin, iliyotengenezwa na kampuni hiyo hiyo, ilikuwa ikitoa kama 1,000 tu siku zile. Hesabu ilionekana nyepesi. Ukipata injini mbili zenye nguvu karibu sawa na nne, umepunguza vitu vya kutengeneza, umepunguza kazi ya mafundi uwanjani, na upepo una vitu vichache zaidi vya kupinga. Nani angekataa?

Taabu ilikuwa ndani ya injini yenyewe. Katika injini ya kawaida yenye umbo la herufi V, fito mbili za pistoni hushika mahali pamoja katika mhimili unaozunguka, ambao mafundi huuita krankshafti. Katika Vulture, fito nne zilishika mahali pamoja. Fikirini watu wanne wanavuta kamba zilizofungwa katika kigingi kimoja, kila mmoja upande wake, na kigingi chenyewe chazunguka mara karibu 50 kwa kila sekunde. Boliti zilizozifunga fito hizo zilikatika. Oili haikufika sawasawa kwenye beringi, na beringi zikaungua. Fito ikikatika ndani ya injini inayokwenda kwa nguvu, hutoboa ganda la injini kama mkuki, na oili ya moto ikashika moto. Mafundi walipoona hayo wakalazimika kuupunguza mwendo wa injini ili isivunjike, na hapo ile nguvu iliyoahidiwa ikapungua pia. Basi ndege ikabaki na uzito wake ule ule, lakini injini zikawa hazina nguvu ya kutosha. Injini moja ikizimika, ile ya pili mara nyingi haikuweza kuishikilia ndege hewani. Kwa wanahewa walio usiku juu ya nchi ya adui, maana yake ilikuwa wazi.

Ndege za Manchester zilipewa kikosi cha 207 mwezi wa Novemba 1940, zikaenda vitani mara ya kwanza usiku wa 24 Februari 1941 kuipiga bandari ya Brest, katika Ufaransa. Mwaka huo zilizuiliwa kuruka mara kadha ili injini zitengenezwe. Zilirudi hewani, zikasumbua tena.

Nataka wasomaji wamjue kijana mmoja aliyeirusha ndege hiyo. Jina lake ni Leslie Manser, wa kikosi cha 50, na umri wake ulikuwa miaka 20, yaani si mbali na umri wa wakubwa wetu wa kidato cha juu. Usiku wa 30 Mei 1942 Waingereza walipeleka ndege zaidi ya 1,000 kuupiga mji wa Cologne, katika Ujerumani, na Manser alikwenda na Manchester. Alitupa mabomu yake, kisha ndege ikapigwa na mizinga ya chini. Akajitahidi kurudi nyumbani, lakini injini ya kushoto ikapata moto kupita kiasi, ikawaka. Moto ulizimika, lakini injini iliyobaki haikuweza kuibeba ndege. Ikaendelea kushuka. Manser akawaamuru wenzake waruke kwa miavuli. Mmoja wao akampa mwavuli wake avae, naye akaukataa, kwa kuwa kama angeziacha usukani na kanyagio hata kwa muda mfupi, ndege ingeanguka kabla ya wote kutoka. Wenzake wote sita waliokoka. Yeye alikufa katika ndege ile ilipoanguka Ubelgiji. Baadaye alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa katika Uingereza.

Ni kweli kwamba Manchester ile ilipigwa na adui, na hakuna awezaye kusema kwa yakini kwamba ndege nyingine ingeokoka. Lakini ndege yenye injini nne ikipoteza moja, hubakiwa na tatu. Yenye injini mbili ikipoteza moja, hubakiwa na nusu tu ya nguvu yake, na katika Manchester nusu ile haikutosha. Hii si hesabu ngumu.

Sasa tumtazame Chadwick alivyofanya. Angeweza kungoja, akasema kwamba ndege yake haina kosa, bali kosa ni la watu wa injini, na kusema hivyo kungekuwa kweli. Hakuridhika na kuwa na haki. Yeye na wenzake walichukua mwili ule ule wa Manchester, wakarefusha mabawa kutoka futi 90 mpaka 102, wakaondoa Vulture mbili, wakatia Merlin nne. Ndege hiyo iliruka kwanza tarehe 9 Januari 1941. Mwanzoni ilihesabiwa kuwa namna ya tatu ya Manchester tu, kisha ikapewa jina lake yenyewe, Lancaster. Zilitengenezwa Lancaster zaidi ya 7,300, na Manchester zilikuwa kama 200 tu. Mwili ulikuwa mmoja, mwundaji alikuwa mmoja, kampuni iliyozichora ilikuwa moja. Kilichobadilika ni injini na mabawa ya kuzibeba. Atakaye ushahidi kwamba injini ndiyo iliyoongoza mkono wa mwundaji, ushahidi ni huo.

Wala haikuwa Avro peke yao. Kampuni ya Handley Page nayo ilianza kuchora ndege yake ya Halifax kwa ajili ya Vulture mbili. Mwaka 1937, kabla hata ndege haijaundwa, iliamuliwa kuacha Vulture na kutia Merlin nne. Ikabidi ndege ichorwe upya, iwe kubwa na nzito zaidi. Bila shaka wako waliolalamika kwamba kazi ya karatasi imepotea. Lakini karatasi hailii, wala haina mama. Halifax iliruka kwanza Oktoba 1939 na kupigana mpaka mwisho wa vita. Tena, Waingereza walipoogopa kwamba Merlin zitapungua, waliunda Lancaster 300 zenye injini nyingine, Hercules ya kampuni ya Bristol, inayopozwa kwa upepo badala ya maji. Huko ni kujiwekea akiba. Mwenye busara hafungi mashua zake zote kwa kamba moja.

Katika ndege za kupigana mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kampuni ya Westland iliunda Whirlwind, ndege ya injini mbili yenye mizinga minne puani. Ilikuwa hodari, lakini injini yake, Peregrine, haikutumiwa na ndege nyingine yo yote vitani, na Rolls-Royce walitaka mafundi wao wafanye kazi ya Merlin. Peregrine ikaachwa, na Whirlwind ikafa pamoja nayo. Ziliundwa zaidi kidogo ya 100, zikatosha vikosi viwili. Sydney Camm wa kampuni ya Hawker alichora ndege mbili karibu sawa, moja kwa ajili ya Vulture, nayo iliitwa Tornado, na ya pili kwa ajili ya injini ya Napier iitwayo Sabre, nayo iliitwa Typhoon. Vulture ilipoachwa, Tornado ikaachwa pia. Camm hakupoteza yote, kwa sababu tangu mwanzo hakuweka tumaini lake lote mahali pamoja.

Najua watakaonijibu. Watasema, “Mbona waisifu Merlin kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni?” Neno hili ni la haki, nami nalijibu. Merlin ilianza kuwashwa mwaka 1933, na mwanzoni ilikuwa msumbufu. Kichwa chake cha silinda kilichorwa kwa namna mpya iliyofanya vizuri katika jaribio la silinda moja, lakini katika injini kamili hakikutoa nguvu iliyotazamiwa, tena kilipasuka. Wenyewe Rolls-Royce wakakiri, wakarudia namna ya zamani waliyoijua katika injini yao ya Kestrel. Baada ya hapo waliziweka injini katika vyumba vya majaribio, wakaziendesha kwa nguvu mpaka kitu kivunjike, wakazifungua, wakatafuta kilichovunjika, wakakiimarisha, kisha wakaziendesha tena. Hakuna siri nyingine. Injini ya lita 27, isiyoongezwa ukubwa hata kidogo, ilitoka katika nguvu za farasi kama 1,000 mpaka baadhi yake zikakaribia maradufu ya hizo mwisho wa vita. Zilitengenezwa karibu 150,000, nyingine Derby, Crewe na Glasgow, nyingine na Ford katika Manchester, na zaidi ya 50,000 na kampuni ya Packard huko Marekani. Merlin moja iliirusha Spitfire, mbili ziliirusha Mosquito, nne ziliirusha Lancaster. Basi mwunda ndege alikuwa na kipimo cha kuaminika, akazidisha kwa mbili au kwa nne kama fundi anavyohesabu matofali.

Hata hivyo Merlin ilibaki na kasoro moja iliyouawa watu. Kabureta yake ilikuwa ya kuelea. Rubani akiinamisha pua ya ndege kwa ghafula, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, injini ikakosa mafuta, kisha petroli ikamiminika kupita kiasi na kuisonga injini. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109 zilikuwa na pampu za kusukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo rubani wa Kijerumani aliweza kuinamisha pua na kukimbia hali Mwingereza injini yake yakohoa. Aliyepata dawa ya kwanza ni mwanamke, Bibi Beatrice Shilling, mhandisi wa taasisi ya ndege ya serikali huko Farnborough, ambaye pia alikuwa hodari wa kushindana kwa pikipiki. Alitengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kiasi cha kupitisha petroli inayohitajiwa na injini wala si zaidi. Kiliweza kutiwa bila ya kuiondoa ndege kikosini. Mwaka 1941 yeye na wasaidizi wake walizunguka viwanjani wakivitia. Haikuwa dawa kamili, na kabureta bora zilifuata baadaye, lakini iliwafaa marubani siku ile ile. Wale wanaosema kwamba kazi ya mitambo si ya wasichana yafaa walikumbuke tundu lile.

Neno la pili watakalonijibu ni zito zaidi. Watasema, “Kama kila mtu angekimbilia kitu kilichokwisha zoeleka, maendeleo yangetoka wapi?” Nao watanitajia Sabre. Injini hiyo nayo ilikuwa na silinda 24, na badala ya vali za kawaida ilikuwa na mikono ya chuma inayoteleza ndani ya silinda. Mwanzoni iliwatesa marubani wa Typhoon vibaya sana. Mikono ile ilipinda na kukwama, na injini zikazimika hewani. Lakini haikuachwa. Ikapatikana njia bora ya kutengeneza mikono ile, kwa msaada wa kampuni ya Bristol iliyokuwa na maarifa ya kazi hiyo, na Sabre ikapona. Mwaka 1944 Typhoon zilipiga vifaru katika Normandy kwa roketi, na mdogo wake, Tempest, aliyatungua mabomu ya Kijerumani yanayoruka yenyewe, kwa sababu ya mbio zake.

Nakubali. Sabre yatufundisha kwamba si kila kitu kinachosumbua ni cha kutupwa. Lakini angalieni tofauti. Kasoro kubwa ya Sabre ilipatikana mahali pake, ikatibiwa. Vulture nayo labda ingepona kama mafundi wangepewa miaka zaidi, lakini wakati ule Merlin ilikuwako tayari, yafanya kazi, na mafundi wa Rolls-Royce hawakuwa watu wa kugawanywa mara tatu. Kuchagua si kuuliza tu kama jambo hili laweza kufanikiwa. Ni kuuliza pia litagharimu nini, na nani atakayelipa wakati tunangoja.

Hapa ndipo nilipo na lawama yangu. Tazameni tarehe tena. Lancaster ya kwanza iliruka Januari 1941. Manchester iliingia vitani Februari 1941. Yaani dawa ilikuwa imekwisha kuonekana kabla mgonjwa hajapelekwa shambani. Hata hivyo Manchester ziliendelea kupelekwa mpaka mwezi wa Juni 1942, na vijana waliendelea kupanda ndege ambayo wakubwa wao walijua kwamba ina kasoro. Najua sababu. Lancaster hazikuweza kuumbwa kwa siku moja, viwanda vilihitaji muda, vikosi vilihitaji ndege, na adui hakungoja. Labda mimi nami ningeamua vivyo hivyo. Lakini sipendi kusoma vitabu vinavyolipita jambo hili kwa haraka, vikisema tu kwamba Manchester ilikuwa na matatizo, kisha ikazaa Lancaster. Wale waliokufa kwa ajili ya boliti na beringi hawakuzaa kitu. Walikufa. Kila mwezi uliopita kati ya kujua kosa na kuliacha ulikuwa na majina ya watu ndani yake.

Kwa hiyo naona kwamba sifa ya kwanza ya mhandisi si kubuni kitu kipya. Wenye kubuni ni wengi. Sifa ya kwanza ni kukisikiliza kitu chenyewe kinaposema kwamba hakiwezi, na kuwa na moyo wa kumwambia mkubwa wake hivyo hivyo, hata kama fedha zimekwisha tumika na barabara ya kurudi ni ya aibu. Injini haina heshima kwa mtu. Haijali cheo cha aliyeichora wala maneno yaliyosemwa siku ya kuionyesha. Boliti likiwa dhaifu litakatika mbele ya Waziri kama litakavyokatika mbele ya mwanagenzi.

Sisi tulioko shuleni hatuundi ndege. Lakini karakana yetu ya mbao na vyuma tunayo, na maabara tunayo, na kila muhula naona jambo lile lile. Mwenzetu jaribio lake likitoa jibu lisilofanana na la kitabu, hulifuta na kuandika la kitabu, apate alama. Mwingine kiti chake kikiyumba, hukipaka rangi. Nao watasema kwamba ni jambo dogo. Ni dogo leo, kwa kuwa atakayeanguka kutoka katika kiti kile hataanguka mbali. Lakini mkono uliozoea kupaka rangi juu ya ufa ndio huo huo utakaokaza boliti za lori, za daraja, na za ndege. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Roy Chadwick hakupaka rangi. Aliubomoa ukuta wake mwenyewe, akajenga upya kwa injini nne, nasi twaikumbuka Lancaster mpaka leo kwa sababu hiyo.